"Padri, ile dhambi huondolewa na askofu tu, wewe huwezi"

Naambiwa hivyo mlangoni baada ya Misa, naambiwa kwenye semina, napigiwa simu usiku. (Yanayosemwa ndani ya kitubio siyagusi hapa.) Karibu kila mara inayozungumzwa ni kutoa mimba, na mara nyingi mhusika amekaa miaka bila Komunyo, akingoja siku atakayothubutu kumwona askofu.

Asingoje. Dhana hii haikutoka hewani: anayetoa mimba hupata adhabu ya kutengwa na Kanisa papo hapo, na zamani kuiondoa kulihitaji askofu au padri aliyepewa mamlaka hayo. Lakini Papa Fransisko aliwapa mapadri wote uwezo wa kuondolea dhambi hii wakati wa Jubilei ya Huruma iliyoanza Desemba 2015, na ilipofungwa Novemba 2016 akauendeleza bila kikomo kwa barua yake Misericordia et misera. Hata aliyepadrishwa juzi anaweza, ilimradi ana ruhusa ya kuungamisha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wengi wanaojihesabu wametengwa hawakuwahi kutengwa. Sheria ya Kanisa haimpi adhabu hiyo ya papo hapo aliyekuwa chini ya miaka 18, wala aliyeshurutishwa kwa hofu kubwa, wala ambaye, bila kosa lake, hakujua kwamba kuna adhabu. Tendo lenyewe linabaki zito, na linaungamwa kama dhambi nyingine yoyote ya mauti. Hakuna foleni maalumu.

Adhabu chache kweli zimehifadhiwa kwa Kiti Kitakatifu, yaani kuziondoa ni kazi ya ofisi za Papa huko Roma, kwa mfano ya kuinajisi Ekaristi, au ya padri anayevunja siri ya maungamo. Hata hapo mtubu hapandi ndege kwenda Roma. Padri wake anaweza kuiandikia Idara ya Toba ya Kitume, ofisi ya Vatikani inayoshughulikia mambo hayo, bila kutaja jina la mtu, na jibu likarudi kwake. Na mtu akiwa katika hatari ya kufa, padri yeyote, hata aliyeacha upadri, anaweza kumwondolea dhambi zote na adhabu zote.

Kwa hiyo ile unayoiogopa, iseme ya kwanza. Ukianza na uvivu wa kusali utaishiwa pumzi kabla hujaifikia, halafu utatoka nayo.

Mengine kwa haraka. "Nimeshatubu moyoni, inatosha." Majuto kamili, yale yanayotokana na kumpenda Mungu, huondoa hata dhambi ya mauti, ila lazima yawe na kusudi la kuungama mapema iwezekanavyo. Anayesema inatosha ameshaliondoa kusudi hilo.

"Nilisahau moja, kitubio kimeharibika." Hakikuharibika. Imesamehewa pamoja na zile nyingine. Ukiikumbuka, itaje utakapoungama tena. Kinachobatilisha kitubio ni kuificha dhambi ya mauti makusudi.

"Sijamaliza malipizi niliyopewa na padri, basi sijasamehewa." Maondoleo hutolewa kabla hujasali hata Salamu Maria moja. Malipizi ni wajibu, yatimize, lakini hayanunui msamaha. Na ukiona uliyopewa huyawezi, mwambie padri papo hapo akubadilishie, badala ya kuitikia "ndiyo padri" kisha ukaondoka na deni.