Chelezo ni nini, na kwa nini hakiwezi kukaa kwenye D

Laptop iliyokufa ikiletwa mezani kwangu hapa Kabwe, Mbeya, swali langu la kwanza huwa: una bakapu? Wengi hujibu bila kusita. Ninayo, iko kwenye D.

D ni chumba cha pili cha nyumba ileile. Diski moja imegawanywa sehemu mbili, moja ikaitwa C, nyingine ikaitwa D, na fundi aliyeigawa akamwambia mwenye mashine kwamba vitu vya maana aviweke D. Ushauri huo unasaidia Windows ikiharibika na kuwekwa upya. Diski yenyewe ikifa, au radi za msimu wa mvua zikipita na umeme, au kibaka akibeba begi stendi, C na D zinaondoka pamoja.

Kiswahili sanifu kinaiita bakapu chelezo. Wengine husema nakala rudufu, nalo ni sawa, lakini mimi napenda chelezo kwa sababu neno lenyewe limebeba maana. Asili yake ni kuelea. Mvuvi akitega nyavu ziwani usiku huacha kitu kinachoelea juu ya maji, ili alfajiri ajue mali yake iko wapi hata kama haioni. (Watu wa Mwanza wakisikia chelezo wanafikiria mahali pa kujengea na kutengenezea meli. Nao hawajakosea, neno lina maana zote mbili.) Kwenye kompyuta, chelezo ni nakala ya data iliyowekwa mahali pengine, iliyochukuliwa wakati unaojulikana, isiyofikiwa na balaa lililoikumba data yenyewe, na inayoweza kurudishwa ikafanya kazi.

Sentensi hiyo ni ndefu, na kila kipande chake kimewahi kumliza mtu.

Tuanze na mahali. Soko la Sido pale Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2017, mwenye daftari la madeni ndani ya kibanda alipoteza mzigo, akapoteza na ushahidi wa nani anamdai na nani anadaiwa. Mwenye daftari nyumbani alipoteza mzigo tu. Jambo hilohilo lilitokea Ufaransa, kwa watu wenye mitambo ya mabilioni. Usiku wa Machi 10, 2021, moto ulizuka kwenye vituo vya data vya kampuni ya OVH mjini Strasbourg. Jengo moja, SBG2, liliteketea lote, na jingine la jirani likaungua kwa sehemu. Hakuna aliyeumia, lakini tovuti nyingi zilizimika, na baadhi ya wateja wakagundua asubuhi kwamba chelezo walichokuwa wanakilipia kilikuwa ndani ya jengo lilelile lililoungua. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille ilimpa ushindi mteja mmoja wa namna hiyo, kwa kuwa mkataba ulimwahidi nakala iliyotengwa na mtambo wake. Fidia alipewa. Data haikurudi.

Hapo ndipo suala la kupangisha tovuti linapoingia. Tovuti ni faili zilizokaa kwenye kompyuta inayowaka usiku na mchana, yaani seva. Wachache wana seva yao, wengine tunapanga, na biashara hiyo mtaani inaitwa hostingi. Ya bei nafuu ni ya pamoja: seva moja, wapangaji wengi, kama vyumba vya uani vyenye LUKU moja. Mpangaji mmoja akiwasha pasi na jiko kwa pamoja, wote mnaingia gizani. Ukiwa na fedha zaidi unapanga sehemu iliyozungushiwa ukuta ndani ya seva, na ukiwa na fedha nyingi unachukua seva nzima. Lakini kwa aina zote, soma mkataba. Mara nyingi utakuta mstari unaosema mteja ndiye mwenye wajibu wa kutunza nakala za data yake. Mwenye nyumba anatunza paa na umeme. Vyombo ni vyako.

Mimi niliusoma mstari huo baada ya kuchelewa. Niliwahi kumtengenezea tovuti mama mmoja mwenye nyumba ya wageni njia ya Tukuyu, ili wageni wanaokuja kupanda Mlima Rungwe, kuona Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu waweze kuona vyumba na kutuma maombi. Nilichagua kampuni ya bei ya chini. Tangazo lao lilisema wanachukua bakapu kila siku, nami nikamwambia mama hivyohivyo, kwa kujiamini. Mwezi wa saba, wageni ndio wanaanza kuja, mtu akifungua tovuti anapelekwa kwenye ukurasa wa kamari. Nikawapigia simu kampuni. Wakanijibu kwa upole kwamba nakala wanazo, za siku saba. Tatizo ni kwamba mdudu, yaani programu ya kihalifu, alikuwa ameingia wiki tatu nyuma akatulia kimya. Nakala zote saba alikuwemo.

“Mwanangu, si ulisema wanaweka kila siku?”

“Wanaweka, Mama. Ila wameweka na uchafu.”

Kwa hiyo “kila siku” ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni nakala inakaa muda gani kabla haijafutwa na mpya. Siku saba zinatosha kwa mtu aliyefuta ukurasa kwa bahati mbaya jana. Kwa mwizi mvumilivu hazitoshi. Siku hizi nakala za kila siku nazitaka ziwepo, pamoja na moja ya kila mwezi inayokaa mwaka mzima.

Nilikuwa na nakala yangu mwenyewe, na hapo ndipo aibu yangu inapoanza hasa. Nilikuwa nimenakili folda ya faili za tovuti peke yake. Tovuti ya WordPress (programu ya kutengenezea tovuti), na hizi ndizo nyingi, ina sehemu mbili: faili, ambamo mna picha, mwonekano wa tovuti na programu, na hifadhidata, ambamo mna maneno yote, bei, kurasa na ujumbe wa wageni. Ukinakili folda bila hifadhidata umeokoa picha za Ngosi ukaacha kila kilichoandikwa chini yake. Tulichotumia kuandika upya ni kaunta buku la mapokezi, lenye majina ya wageni na tarehe kwa kalamu ya bluu. Chelezo pekee kilichofanya kazi siku ile kilikuwa cha karatasi, nami nikiwa ndiye mtaalamu.

Kabla ya kulipia hostingi, basi, maswali yangu kwa kampuni yamebadilika. Zamani niliuliza nafasi ni gigabaiti ngapi na bei ni kiasi gani. Sasa nauliza nakala ziko kwenye jengo gani ukilinganisha na seva, zinakaa siku ngapi, nani anazirudisha, na kurudisha kunatozwa shilingi ngapi. Anayejibu “usijali, kaka, tunazo” hajajibu. Na nauliza domeni, yaani jina la tovuti, itasajiliwa kwa jina la nani. Majina yanayoishia na .tz husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na kuna tovuti nyingi za watu ambazo jina lake limesajiliwa kwa kijana aliyezitengeneza. Wakigombana, chelezo cha tovuti unacho lakini mlango wa kuingilia wateja ni wa mtu mwingine.

Jambo moja la ufundi ambalo lingeniokoa usiku kadhaa: ukipangisha mahali penye cPanel, ukurasa wa kuendeshea akaunti yako ya hostingi, kuna sehemu ya kupakua nakala kamili ya akaunti yako, yaani faili, hifadhidata na barua pepe, vyote kwenye furushi moja. Ipakue. Lakini fahamu kwamba furushi hilo zima hulirudishi mwenyewe kwa kubonyeza kitufe. Anayelirudisha ni msimamizi wa seva, na kwa mpangaji, msimamizi huyo ni kampuni. Kwa hiyo pakua pia kipande kimoja kimoja, folda peke yake na hifadhidata peke yake, maana hivyo unaweza kuvirudisha bila kumbembeleza mtu. Na jipange na bando. Gigabaiti 2 kwenye mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde ni zaidi ya saa mbili za kusubiri, kama haukatiki. Mei 12, 2024, hitilafu za nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoiangusha intaneti ya Afrika Mashariki, mwenye nakala zote ng'ambo alikuwa kama mtu mwenye akiba benki iliyofungwa.

Ndiyo maana watu wa kazi hii hutaja kanuni ya tatu-mbili-moja, iliyoenezwa na mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Kwa mwenye duka la dawa Mafinga inaweza kuwa kompyuta ya dukani, diski ya nje nyumbani, na akaunti ya mtandaoni. Hakuna haja ya mitambo.

Vipo vitu vinavyovaa nguo za chelezo. Google Drive ikiwa imeunganishwa na folda ya kompyuta huoanisha: ukifuta huku, kule nako kunafutika. Kuna kapu la taka na matoleo ya zamani kwa muda fulani, lakini ukigundua kosa miezi miwili baadaye, pole. Diski mbili zinazoandika kwa pamoja ndani ya seva hukulinda diski moja ikifa, basi. Agizo la kufuta linazifikia zote mbili kwa sekunde ileile.

Na kuna virusi vya kuteka faili, vinavyofunga kila kitu kisha vinadai malipo ili ufunguliwe. WannaCry ilisambaa Mei 12, 2017 katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Virusi vya aina hiyo vinafunga pia diski yoyote vinayoikuta imechomekwa. Steshenari nyingi hapa mjini zina diski ya nje iliyochomekwa nyuma ya kompyuta tangu Januari hadi Desemba, haijawahi kuchomolewa. Hiyo ni D nyingine yenye waya mrefu. Nakili, chomoa, weka kabatini.

Sehemu ambayo hata mafundi tunairuka ni kujaribu kurudisha. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani, alifuta hifadhidata kuu kwa makosa akidhani yuko kwenye seva nyingine. Gigabaiti zipatazo 300 zikabaki 4.5. Wakaenda kwenye njia zao za chelezo, hakuna iliyokuwa tayari kuwaokoa. Programu ya kunakili kila siku ilikuwa haipatani na toleo la hifadhidata, kwa hiyo haikuwa inatoa kitu, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua saa sita kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Walisimulia yote hadharani, jambo ninaloliheshimu. Kampuni nyingi zingesema ni matengenezo ya kawaida.

Mwisho, chelezo nacho ni data, na data inaibika. Makosa niliyoyaona zaidi ya mara moja ni mtu kutengeneza furushi la tovuti nzima, akaliita backup.zip, akaliacha ndani ya public_html, folda ambayo dunia nzima inaweza kuisoma. Wanaotafuta majina kama hayo hutumia programu zinazozunguka usiku kucha, na ndani ya furushi hilo kuna maneno ya siri ya hifadhidata. Flashi yenye majina na namba za simu za wanachama wa SACCOS ikidondoka kwenye daladala ya Uyole ni balaa la aina hiyohiyo, na sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, zikiwemo nakala. Isimbe nakala, yaani ifunge isisomeke bila neno la siri, kabla ya kuitoa nje. 7-Zip ni ya bure na inaifunga kwa neno la siri. Neno hilo usiliandike kwenye karatasi iliyogundishwa kwenye flashi hiyohiyo, nimeliona hilo pia.

Mama wa Tukuyu hakuniacha, sijui kwa nini. Nakala zake sasa ziko tatu: moja kwenye seva ya kampuni nyingine, moja kwenye diski anayoiweka kwenye sanduku lake la vitenge, moja kwangu kabatini. Kila baada ya miezi mitatu nachukua mojawapo, naifungua kwenye kompyuta isiyo na mtandao, tunaipitia pamoja ukurasa kwa ukurasa. Mara ya mwisho picha zote zilikuwepo, maneno yote yalikuwepo, ila vyumba vilikuwa na bei za zamani, kwa kuwa nakala ile ilichukuliwa kabla hajapandisha.

“Hizo bei,” akasema, “acha zizame.”