Je, wajua kwa nini utani wa Kiingereza hugeuka tusi ukivushwa kwenda Kireno?

Chukua sentensi hii ya Kiingereza: "My brothers teased me about my accent." Mtu wa Iringa au Tukuyu haimsumbui hata kidogo: kaka zangu walikuwa wakinitania kwa lafudhi yangu. Nyumba gani Nyanda za Juu Kusini haijawahi kusikia utani wa lafudhi? Sasa fungua kamusi ya Kiingereza na Kireno, tafuta "tease". Utakuta "arreliar", "provocar", "implicar", "caçoar", "gozar", "zombar", yamepangwa kwenye mstari mmoja kana kwamba ni mapacha. Ukiokota "zombar", kaka wale wapole wamekuwa watu wanaomdhihaki mdogo wao. Ukiokota "gozar" na msomaji wako akawa Mbrazili, jiandae kwa vicheko ambavyo hukuvitarajia, maana mitaani kwao neno hilo lina maana nyingine ya kufika kileleni katika tendo la ndoa.

Kireno hakiko mbali na sisi kama wengi wanavyodhani. Ukivuka Kasumulu uko Malawi, na ukimaliza Malawi upande wa kusini magharibi uko Tete, Msumbiji, ambako barua ya ofisini na tangazo la barabarani ni Kireno. Anayeandikiwa tafsiri hapo hatakuwa na subira ya kukisia ulimaanisha nini.

Chanzo cha shida ni kwamba Kiingereza huiacha nia ya msemaji nje ya kitenzi. "Tease" ya asili ilikuwa kazi ya mikono: kuchambua sufu, kuzivuta nyuzi zake moja moja. Mtu anayechambuliwa hivyo anaweza kuwa anacheka au anaumia, na kitenzi hakisemi. Utajua kwa kusoma aya nzima. Kireno hakikupi nafasi hiyo. Kitenzi chenyewe kinaeleza kama mnacheza au mnadharauliana, kama mko Lisbon, Maputo au São Paulo, na kama mko kanisani au kijiweni.

Bahati nzuri, Kiswahili nacho kina tabia hiyo. Kutania si kuchokoza, kuchokoza si kukejeli, na kukejeli si kuzodoa. Kwa hiyo njia fupi ya kutoka Kiingereza kwenda Kireno ni kupitia kwetu kwanza. Kabla hujagusa kamusi jiulize swali ambalo mzee yeyote wa Iringa angeuliza: hawa ni watani?

Utani tunaoujua huku una sheria zake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, na waliobaki wakawa watani. Mtani anaweza kufika msibani akajilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Pia zamu hubadilika: leo unanitania, kesho kwenye msiba wako nakuja mimi. Vipimo vyetu ndivyo hivyo viwili. Anayeambiwa ana haki ya kujibu? Anatakiwa asikasirike? Kama yote ni ndiyo, tafuta neno katika ukoo wa "brincar". Kama moja ni hapana, hamia ukoo wa "zombar".

"Brincar" ni kucheza, kama mtoto anavyocheza, na pia kufanya mzaha. "Estou a brincar," atasema Mreno au mtu wa Msumbiji. Mbrazili atasema "estou brincando". Zote ni "natania tu". Kwenye maandishi marefu mara nyingi ni salama zaidi kuacha kitenzi cha kawaida cha kusema na kuongeza kipande pembeni: "disse, a brincar", yaani alisema kwa utani. Fikiria babu wa Rungwe anayemwita mjukuu wake wa kike "mke wangu". Ukiandika "a minha mulher" bila kile kipande, umempeleka babu wa watu mahali pabaya sana.

Kwa kaka na dada wanaosumbuana nyumbani, Ureno wana "meter-se com", neno kwa neno "kujitia na mtu". Linafaa sana kwa ile sentensi yetu ya lafudhi. Lakini mwanamume mgeni akifanya hivyo kwa mwanamke barabarani, linakuwa kumsumbua, kumtongoza bila kukaribishwa. "Implicar com" ni kumwandama mtu, kumshupalia kila siku kwa jambo lile lile. Hapo utani umeshaanza kuchacha.

Sasa turudi kwa "gozar", maana ndilo linaloangusha watu wengi. Maana yake ya kwanza ni kufaidi: "gozar férias" ni kula likizo, "goza de boa saúde" ni ana afya njema. Ureno na Msumbiji ukitaka kutania unaweka "com", yaani "na": "Estás a gozar comigo?" ni ile ile "Unanitania?" ya dereva wa bajaji pale Mwanjelwa akipewa nauli pungufu. Ni sentensi ya kila siku, haina aibu. Kwa Brazil iweke kando kama huna uhakika na sikio lako, utumie "zoar", ambalo ni la vijana na asili yake ni mvumo wa nyuki, au "tirar sarro de". Wenyeji wa kaskazini mashariki mwa Brazil wana lao, "mangar de", na Angola wana "estiga", mashindano ya kurushiana maneno ambayo vijana wa Luanda wanayafurahia kama sisi tunavyofurahia kurushiana madongo.

Hizo "com" na "de" si mapambo. Kiswahili huficha mtendwa ndani ya kitenzi: walimdhihaki, nilimkejeli. Ndiyo maana Mswahili anayejifunza Kireno huandika "zombaram-no" na kuona amemaliza. Amekosea. Kireno kinataka "zombaram dele", yaani "zombar", kisha "de", kisha "ele", na hizo mbili za mwisho zimeungana kuwa "dele". Vivyo hivyo "troçar de", "caçoar de", "rir-se de", "fazer pouco de". Hili la mwisho tamu kwetu, kwa sababu neno kwa neno ni kumfanya mtu kidogo, na sisi tunasema kumfanya mtu si kitu. Wapo wasiotaka kiungo chochote: "ridicularizar", "provocar", "arreliar", na yale mawili ya uwanjani tunayoyafikia sasa hivi. Unapoandika neno jipya kwenye daftari, liandike pamoja na kiungo chake. Bila kiungo ni nusu ya neno.

Uwanjani mambo ni mepesi. Washabiki pale Sokoine, Mbeya, wakimzomea mwamuzi, Kiingereza kitasema "jeer" na Kireno cha Ureno kitasema "apupar": "O público apupou o árbitro." Brazil ni "vaiar", na mwamuzi mara nyingi anaitwa "juiz": "A torcida vaiou o juiz." Wakimchokoza kipa ili apoteze umakini, hiyo ni "taunt", nayo ni "provocar". Ila kipa mwenyewe ni "guarda-redes" Ureno na "goleiro" Brazil, kwa hiyo usichanganye nchi mbili ndani ya sentensi moja.

Penye uzito ni kwenye "mock". Kwanza hakikisha kama kuna dhihaka yoyote. Mwanafunzi wa kidato cha nne Njombe anafanya mtihani wa moko, na moko hiyo ni "mock" ile ile, kwa maana ya kuigiza, kitu cha majaribio. Kireno chake ni "exame simulado". Brazil husema "simulado" tu. Ukifuata kamusi kichwa kichwa utamfanyisha mtoto mtihani wa kejeli.

Dhihaka ikiwapo kweli, angalia rejista, yaani neno ni la mazingira gani. "Zombar" na "troçar" ni za maandishi ya kawaida. "Escarnecer" ni zito, lina harufu ya madhabahu. Biblia inatupatia mfano mzuri, maana wengi huku wanaijua kwa moyo. Zaburi ya kwanza ya Kiswahili, tafsiri ya Union, inasema mtu mwenye heri "hakuketi barazani pa wenye mizaha". Almeida, tafsiri ya Biblia ya Kireno, mahali hapo inasema "roda dos escarnecedores". Leo mzaha kwetu ni jambo jepesi, watu wanafanyiana mizaha kwenye kahawa na wanaagana vizuri. "Escarnecedor" si mwepesi hata siku moja: ni mtu anayedharau kitakatifu. Mtu akitafsiri "mizaha" ya zaburi hiyo kuwa "brincadeiras", msomaji wa Nampula, Msumbiji, ataelewa kwamba Mungu amekataza watu kucheza. Katika Wagalatia 6:7 Kiswahili kimetumia "hadhihakiwi" na Almeida "não se deixa escarnecer". Hapo mizani imekaa sawa.

Neno "escárnio" lina historia inayotuhusu sisi watu wa mafumbo. Kati ya karne ya 12 na 14, washairi wa Kigalisia (Galisia iko kaskazini mwa Ureno) na Kireno walikuwa na mashairi ya kusemana, nao waliyatenganisha makundi mawili. La "escárnio" lilimsema mtu kwa maneno yaliyofunikwa yenye maana mbili. La "maldizer" lilimsema waziwazi. Ndiyo tofauti yetu ya fumbo na matusi. Kwa hiyo ukikutana na kijembe ndani ya maandishi ya Kiingereza, yale maneno ya pembeni ambayo mhusika peke yake ndiye anayechomwa nayo, Kireno cha leo kina "alfinetada", mchomo wa pini. Sisi tunachanja, wao wanachoma, jeraha ni lile lile. Ureno pia husema "mandar bocas", kutuma midomo, kwa yule anayerusha maneno huku anaangalia pembeni.

Mitego miwili midogo imekaa karibu sana na utani. Watu hutaniana kwa majina, na "nickname" ukiliita "apelido" utaeleweka Brazil tu. Ureno na Msumbiji "apelido" ni jina la ukoo, lile linaloandikwa kwenye pasipoti. Jina la utani ni "alcunha". Mtu mpakani akijaza fomu kwa kukosea hapo, anaandika Kibonge mahali pa Mwakyusa. Mtego wa pili ni "rapariga", msichana wa kawaida kabisa Lisbon na Maputo, lakini sehemu nyingi za Brazil ni kumwita mwanamke malaya. "He teased the girl" ina maneno manne tu, na mawili kati yake yanaweza kuleta ugomvi.

Imebaki nyakati. "Teased" ya Kiingereza haisemi kama ni mara moja au kila siku. Kiswahili kinatofautisha "walinitania" na "walikuwa wakinitania", na Kireno kinakubaliana nasi: "meteram-se" ni siku ile, "metiam-se" ni mazoea. Kaka hawatanii lafudhi siku moja wakaacha. Kwa Msumbiji na Ureno basi andika "Os meus irmãos metiam-se comigo por causa do meu sotaque." Kwa Brazil, "Meus irmãos brincavam comigo por causa do meu sotaque", au "me zoavam" badala ya "brincavam comigo" kama wote bado ni vijana.