"Ingekuwa ya maana si ingetolewa bure?"

Safari hii aliyeniuliza ni baba mmoja wa Chikongola. Mkewe alipimwa kliniki ya wajawazito akaonekana ana homa ya ini B. Yeye amepima, hana. Alitakiwa achome dozi ya kwanza ya chanjo ya homa ya ini B pale pale, kwa kulipia. Badala yake anakunjakunja karatasi ya maabara: "Dada, ingekuwa ya maana si serikali ingeitoa bure?" Swali hili nimelisikia mno dirishani kwangu hapa Mtwara.

Serikali inaitoa bure, kwa watoto. Imo ndani ya pentavalenti, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, wanayochomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tanzania iliingiza chanjo hii kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002, kwa hiyo wewe uliyezaliwa kabla ya hapo hukuipata utotoni, hata kama mama yako hakukosa kliniki siku moja.

Kwa nini watoto? Kirusi hiki kikimwingia mtoto mchanga, karibu watoto 9 kati ya 10 wanabaki nacho maisha yao yote, na huko mbele ndiko inakokuja sirosisi, yaani ini kujaa makovu, na saratani ya ini. Mtu mzima mwenye afya njema, wanaobaki nacho ni chini ya 5 kati ya 100. Fedha ikiwa haitoshi, inapelekwa penye madhara makubwa zaidi. Hiyo ni hesabu ya nchi. Nyumbani kwako hesabu ni nyingine: unalala na mwenye kirusi, au unafanya kazi ya kushika damu za watu wodini, au unasafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo. Hapo neno "hiari", linalotumika kwa chanjo hii ya watu wazima, lina maana moja tu, kwamba mlipaji ni wewe. Halisemi lolote kuhusu hatari uliyo nayo.

Pima kwanza, maana chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Na tuacheni kuwatengea wagonjwa sahani. Kirusi kinapita kwenye damu, ngono, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Wembe ndio usichangie.

Kuna jambo sina uhakika nalo. Dereva wa bodaboda asiye na hatari yoyote ninayoijua, nimsukume alipe kipimo na dozi tatu wakati ada ya mtoto inadaiwa? Siku nyingine namsukuma, siku nyingine namwacha aende. Tena wapo wachache ambao mwili haujengi kinga hata wakimaliza dozi zote, na kwa kawaida hatuwapimi baadaye kujua ni akina nani.

Linaloniuma zaidi ni dozi ya tatu. Ratiba ni leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Watu wetu wanaanza Novemba, fedha ya korosho imeingia, na ya pili wanachoma Desemba bila shida. Ya tatu inaangukia Mei, mfukoni hamna kitu, na kadi inabaki kabatini. Ukiuza korosho, tenga fedha ya dozi zote tatu siku hiyo hiyo. Na kama umechelewa, hata mwaka mzima, usikubali mtu akuambie uanze upya. Leta kadi yako, tunachoma ya tatu.