Kabureta na EFI kwenye injini za mashindano: tofauti iko wapi hasa?

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma barabara inapanda polepole mno, abiria wa basi hahisi kitu. Injini inahisi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 10. Pikipiki ya kabureta iliyosetiwa vizuri Kariakoo ikifika huku kwa lori inakunywa mafuta zaidi ya inavyohitaji, ikikazwa inakuwa nzito, na plagi inaelekea kwenye masizi. Pikipiki ya EFI, yaani mfumo wa kupulizia mafuta unaoongozwa na kompyuta, iliyokuja kwenye lori hilohilo inajirekebisha yenyewe. Nguvu inayopotea kwa uchache wa hewa imepotea kwa zote mbili, lakini ya EFI angalau haijazidishiwa mafuta juu ya hasara hiyo.

Ukielewa kwa nini iko hivyo, umeshaelewa sehemu kubwa ya ubishi ambao umedumu miaka mingi kwenye michezo ya magari.

Tuanze na kipimo. Ili petroli iungue yote, kilo 1 inahitaji hewa ya kilo 14.7. Injini ya mashindano ikitafutiwa nguvu ya juu kabisa hupewa mafuta zaidi kidogo, yaani kilo 1 kwa hewa ya kilo 12.5 hadi 13 hivi. Ukizidisha, injini inazubaa na kutoa moshi mweusi. Ukipunguza, joto linapanda, na injini inayokimbizwa kwa nguvu zote ikikosa mafuta inaweza kutoboa pistoni. Kazi ya kabureta ni kulinda uwiano huo, na kazi ya EFI ni hiyohiyo. Wanachotofautiana ni namna ya kupima.

Kabureta inapimia kwa koo. Anayekaa Dodoma anajua upepo wa miezi ya kiangazi unavyokaza ukipita kwenye uchochoro kati ya nyumba mbili. Hewa ikibanwa inaongeza mwendo, na ikiongeza mwendo mgandamizo wake unashuka, jambo ambalo Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alilieleza mwaka 1797. Ndani ya kabureta kuna koo la namna hiyo, na pembeni yake bakuli la petroli lenye boya, lile ambalo mafundi huliita flota. Petroli ya kwenye bakuli inakandamizwa na hewa ya kawaida ya nje. Kooni mgandamizo umeshuka. Basi petroli inasukumwa, inapita kwenye tundu dogo la shaba liitwalo jeti, inatokea kooni na kutawanywa na upepo. Hakuna umeme, hakuna hesabu. Hewa inavuta mafuta yake yenyewe.

Uzuri wake wote umo humo, na udhaifu pia. Koo halijui uzito wa hewa. Hewa ikipungua uzito kwa asilimia 10, petroli inayovutwa haipungui kwa asilimia 10, inapungua kwa kama 5 tu. Hapo ndipo mafuta yanapozidi. Mchana wa Novemba, joto likiwa nyuzi 33 au 34, hewa inazidi kuwa nyepesi, kisha usiku inarudi. Fundi wa kabureta anayetaka uwiano kamili anapaswa kubadili jeti kila mazingira yanapobadilika, na ndivyo wenye mashindano walivyofanya kwa miongo mingi, wakiwa na kisanduku cha jeti zenye namba na kipimo cha hali ya hewa mezani.

EFI haingoji hewa ivute. Pampu inasukuma petroli kwa mgandamizo wa kama baa 3 hadi kwenye nozeli, na nozeli ni bomba lenye mlango unaofunguliwa na umeme. Kompyuta ya injini, ambayo gereji zetu huiita kontroboksi, inasoma sensa: mgandamizo wa hewa inayoingia, joto lake, eksileta imefunguliwa kiasi gani, krenki iko pembe ipi. Kutokana na hayo inakadiria uzito wa hewa iliyoingia kwenye silinda, kisha inaamua nozeli ibaki wazi kwa muda gani. Muda huo ni mfupi ajabu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inavuta hewa mara moja katika milisekunde 20, na kazi yote ya kupulizia mafuta lazima ikamilike ndani ya nafasi hiyo. Sensa ya oksijeni kwenye eksozi inaweza kuangalia matokeo na kusahihisha kilichokosewa.

Kuna kosa moja ninalolisikia sana: kwamba kupulizia mafuta ni jambo jipya lililoletwa na kompyuta. Si kweli. Mercedes-Benz walishindana Formula 1 mwaka 1954 na gari la W196 lililopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa pampu ya chuma tupu. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, Peugeot 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson ilikuwa ya kupulizia mafuta kwa pampu ya mitambo. Mwaka uliotangulia na mwaka uliofuata mbio hizohizo zilichukuliwa na Joginder Singh kwa Mitsubishi Lancer ya kabureta. Ninaupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba kwenye vumbi na matope, wakati ule, hakuna aliyekuwa na jibu la mwisho. Umeme ulichoongeza baadaye ni uwezo wa kupima na kuamua upya katika kila mzunguko. Pampu ya chuma ilipuliza vizuri, lakini ilifuata umbo ililochongewa.

Udhaifu wa pili wa kabureta ni lile bakuli. Petroli ni kimiminika, inaegemea upande. Kwenye kona kali inapanda ukuta mmoja wa bakuli, jeti inaweza kubaki kavu au mafuta yakafurika, na injini inamisi, yaani inakatakata, pale pale dereva anapotaka kukanyaga. Marubani wa Uingereza waliujua ubaya huu mwaka 1940: ndege yao ya kivita ya Spitfire ikiinamisha pua ghafla, petroli iliruka ndani ya kabureta na injini ya Merlin ikakatika, ilhali ndege za Kijerumani zenye injini ya DB 601, iliyopuliza mafuta ndani ya silinda, zilipiga mbizi bila kukohoa. Aliyetuliza hali hiyo mwaka 1941 ni mhandisi Beatrice Shilling, kwa kijibati chenye tundu lililopimwa lililozuia mafuta kufurika. Mwanamke huyo kabla ya vita alikuwa akishindana kwa pikipiki ya Norton kwenye uwanja wa Brooklands, na alizunguka uwanja ule kwa zaidi ya maili 100 kwa saa. Sidhani kama ni bahati kwamba tatizo la mafuta kuyumba lilitatuliwa na mtu aliyezoea kukalia injini kwenye kona.

Sasa, kama EFI inajua yote hayo, kwa nini kabureta ilichukua muda mrefu kuondoka? NASCAR, mbio za magari za Marekani, katika ngazi yake ya juu, ilitumia kabureta hadi mwisho wa msimu wa 2011, ikaanza na EFI mwaka 2012. Daraja la Pro Stock la mbio za kunyooka za NHRA, chama cha mbio hizo huko Marekani, lilivua kabureta zake mbili mwaka 2016 tu. Sehemu ya sababu ni kanuni na gharama: kabureta inakaguliwa kwa macho na vipimo, kompyuta inaweza kuficha hila. Lakini ipo sababu ya kiufundi ambayo watu huipita haraka mno.

Petroli ikigeuka mvuke inafyonza joto. Mwagia kidogo mkononi utahisi ubaridi. Kabureta iko juu, mbali na vali, kwa hiyo petroli yake ina safari ndefu ya kugeuka mvuke kabla ya kufika silinda, na njiani inaipoza hewa. Hewa iliyopoa ni nzito, nayo hewa nzito ndiyo nguvu. Nozeli iliyokaa karibu na vali inapuliza mafuta dakika za mwisho, na sehemu yake hugonga chuma cha moto badala ya kupoza hewa. Ndiyo maana kwenye nguvu ya juu kabisa, eksileta ikiwa chini yote, injini ya kabureta iliyosetiwa na fundi hodari inaweza kukaribiana sana na ya EFI. Watengenezaji wa injini za mashindano walijibu kwa kupandisha nozeli, wakaziweka juu ya mdomo wa bomba la hewa zinyeshe kutoka huko. Kwa maneno mengine, EFI ilijifunza kwa kabureta.

Kabureta mpya nazo hazijasimama. Zile kubwa za mashindano siku hizi huchongwa kwa mashine za kompyuta kutoka kwenye alumini, na karibu kila tundu, la mafuta na la hewa, linaweza kubadilishwa kama jeti. Nyingine zimezungusha vitundu vya mafuta pande zote za koo ili matone yawe madogo. Kwa pikipiki kuna muundo kama wa Lectron, ambao umeacha msururu wa jeti na kutumia sindano moja iliyochongwa ubavuni inayopanda na kushuka na eksileta. Ni kazi nzuri ya ufundi, na kwenye injini ndogo za stroku mbili bado ina maana kubwa, kwa kuwa chombo kinabaki chepesi na hakihitaji betri. Ila kabureta yoyote inayotegemea koo na bakuli lililo wazi kwa hewa ya nje bado inadanganywa na mlima.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama mbio ni za mita mia kadhaa, mahali pamoja, siku moja, kabureta haina aibu. Kama ni mbio za rally zinazoanza asubuhi ya baridi kwenye vilima vya Kondoa na kuishia jua kali la Bahi, na kama injini ina tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa ya ziada), EFI inashinda bila mjadala, na ndiyo maana Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution tunazoziona kwenye mbio za ukanda huu ni za EFI. Inachodai ni petroli safi na pampu nzima, waya ambazo hazijakatwa ovyo, na fundi mwenye mashine ya kupimia anayejua kusoma anachoonyeshwa. Vumbi letu likipenya kwenye kabureta unaifungua kando ya barabara kwa bisibisi na kupuliza jeti kwa mdomo. Waya wa sensa ukikatika porini, bila mashine utabaki unabahatisha.

Na kama unapandisha pikipiki ya mashindano ya kabureta kutoka pwani, beba jeti kuu ndogo kwa namba moja na mbili. Ipashe moto injini vizuri, ikimbize eksileta ikiwa wazi yote mahali salama, zima ghafla ukiwa umeshika klachi, kisha fungua plagi. Nyeusi yenye masizi, shuka namba moja. Nyeupe kama chaki, rudi juu haraka. Unaitafuta rangi ya kahawia hafifu, na ukiipata mchana wa Dodoma, ipime tena jua likizama.