Spaiki zikilingana, chaneli bado haijapita mtihani

Ukihamisha modeli ya neuroni kutoka programu moja ya kuiga hadi nyingine (kama NEURON, GENESIS au Brian), unahitaji kuhakikisha zinatoa jibu lilelile, si spaiki (mipigo ya umeme ya neuroni) tu bali pia chaneli, yaani vitundu vya utando vinavyopitisha ioni. Kipimo kizuri ni modeli ya Hodgkin na Huxley ya 1952, ya akzoni (uzi wa neva) kubwa ya ngisi: chaneli ya sodiamu, ya potasiamu, na mvujo. Ipo karibu katika kila programu ya kuiga neuroni, na inatosha kuonyesha pale watu wanapoteleza: kila dhana hapa chini ni potofu.

Dhana: Grafu za spaiki zikipandana, chaneli ziko sawa.

Spaiki ni jumla ya mikondo yote. Sodiamu iliyozidi inaweza kufichwa na potasiamu iliyozidi. Pima kila chaneli peke yake kwanza. Tengeneza seli ya kipande kimoja, urefu na kipenyo maikromita 17.841, eneo la utando linakuwa maikromita za mraba 1000, na hesabu zinakuwa rahisi: 0.1 nA ni sawasawa na 10 µA/cm². Zima chaneli nyingine, shikilia volteji kuanzia −100 hadi +60 mV, ukipanda kwa 5, kisha linganisha milango (m na h ya sodiamu, n ya potasiamu; 0 ni kufungwa, 1 ni kufunguka kabisa) katika programu zote mbili. Kwenye −65 mV, m itulie karibu na 0.053, h 0.596, n 0.318. Namba hizo zikikataa, usipoteze muda kutazama spaiki.

Kwa nini 5 na si 10? Kwa sababu ya dhana inayofuata.

Dhana: Ikitokea NaN (jibu lisilo namba), programu ina hitilafu.

Mara nyingi kosa ni la mlinganyo ulivyoandikwa. Kasi ya kufunguka kwa m ina 0.1(V+40) juu na 1−exp(−(V+40)/10) chini: kwenye −40 mV ni sifuri kwa sifuri. Ya n inafanya hivyo kwenye −55 mV, namba ambayo hatua za 10 kutoka −100 zinairuka. Jibu sahihi pale ni 1 kwa milisekunde kwa m, na 0.1 kwa n. Faili la hh (modeli hii ya Hodgkin na Huxley) linalokuja na NEURON lina kinga dhidi ya sifuri hiyo tayari. Ukiandika mlinganyo mwenyewe, kinga ni kazi yako. Katika mwigo wa kawaida volteji hugusa −40.000 kamili kwa nadra, kwa hiyo kosa hili hukaa kimya muda mrefu.

Dhana: Namba zikinakiliwa vizuri, vipimo vitajipanga.

NEURON hutumia S/cm² (siemensi, kipimo cha upitishaji umeme, kwa sentimita ya mraba), na modeli nyingi za GENESIS huandikwa kwa vipimo vya SI. Sodiamu ya 0.12 S/cm² ni 1200 S/m². Unazidisha kwa 10,000, si kwa 100. Angalia na alama ya kujumlisha au kutoa pia: NEURON huhesabu mkondo wa chaneli kama g(V−E), GENESIS kama g(E−V), ambapo g ni upitishaji, V volteji ya utando, na E volteji ambayo mkondo huwa sifuri. Grafu ya mkondo iliyopinduka si lazima iwe kosa.

Dhana: Jotoridi ni jambo dogo.

Milinganyo hii ni ya nyuzijoto 6.3, na Q10 yake (mara ambazo kasi huzidishwa kwa kila nyuzijoto 10) ni 3. Kwa nyuzijoto 26.3 milango inakwenda mara 9 zaidi, kwa 36.3 mara 27. NEURON huanza na 6.3 na hurekebisha kasi yenyewe; Brian haijui jotoridi hadi uiandike kwenye mlinganyo.

Brian pia huanza kila kigezo na sifuri, milango na volteji, usipokitaja. Weka −65 mV na milango iliyotulia kwa mkono, la sivyo milisekunde za mwanzo hazitalingana na chochote.

Dhana: Tofauti ya volteji iwe ndogo katika kila nukta.

Kwenye mpando wa spaiki kipimo hiki kinadanganya. Volteji ikipanda mV 300 kwa milisekunde, kuchelewa ms 0.1 tu kunaleta tofauti ya mV 30. Linganisha nyakati za spaiki. Kabla ya hapo sawazisha hatua ya muda (NEURON huanza na ms 0.025, Brian 0.1), kisha ipunguze nusu kwa nusu pande zote mbili. Pengo likipungua nalo, ni la mbinu ya hesabu. Likigoma, rudi kwenye chaneli. Katika NEURON zima kwanza jedwali la hh kwa usetable_hh = 0, maana hatua zake ni za 1 mV na katikati hukisia kwa mstari mnyoofu.