Skuta sio bodaboda ndogo: uongo tunaoambiana huku Mbeya

Juzi nimesimama pale Kabwe nasubiri foleni isogee, dogo mmoja wa bodaboda akajisogeza pembeni, akaiangalia skuta yangu juu mpaka chini, afu akaniuliza, "Braza, hiyo Vespa inakupandisha Mlima Nyoka au mnabebana kwa zamu?" Wenzake wakaangua kicheko. Na mi nikacheka maana swali lilikaa vizuri, ila njia nzima mpaka Uyole nikawa namjibu kichwani, kwa sababu sentensi moja tu ilikuwa na uongo wa aina mbili, ule ule ninaousikia kila nikiinama na spana uani kwangu.

Wa kwanza mdogo, tuumalize. Sio kila skuta ni Vespa. Vespa ni skuta za Piaggio wa Italia, zilianza 1946, aliyezibuni anaitwa Corradino D'Ascanio, alikuwa injinia wa ndege na pikipiki za kawaida wala hakuzipenda, ndo maana akaja na kitu ambacho unakaa kama kwenye kiti, injini imefichwa, suruali haishiki oili. Neno lenyewe kwa Kiitaliano ni nyigu. Miaka miwili baadae wakatoa ya matairi matatu wakaiita Ape, yaani nyuki, na hizi bajaji zetu za kwenda Mwanjelwa ni watu wa ukoo huo, maana Bajaj wa India walianza kwa leseni ya Piaggio. Yangu mimi ni ya Kichina, sisi 125, injini ya familia ya GY6, ile inayofungwa kwenye skuta nyingi za Kichina, na uani nina Vespa PX ya kweli aliyoniachia baba mdogo ambayo naifufua taratibu. Sibebi abiria, sipeleki mizigo ya watu, ni starehe ya Jumapili tu baada ya kanisa, wengine wanafuga kuku wa kisasa mi nafuga hivi viwili.

Sasa uongo mkubwa: skuta haiwezi milima.

Ukiniuliza kama skuta iliyotoka Dar juzi itapanda vizuri huku, ntakwambia hapana, itakohoa. Lakini kosa sio la skuta. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi, kwa kimo hicho mgandamizo wake umepungua kama asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Kabureta iliyosetiwa Kariakoo inamwaga petroli ya kutosha hewa ya Kariakoo, ukiileta huku hewa imepungua petroli iko pale pale, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inatoka nyeusi kama sufuria ya kuni, nguvu hamna, mafuta inakula. Watu wanaona moshi wanasema ringi zimekufa. Mi yangu ilipigiwa hesabu ya kufunguliwa injini nzima, na kumbe dawa ilikuwa jeti kubwa ya kabureta, kile kipande chenye tundu la kupitisha petroli, kubadilishwa kuwa ndogo namba chache, na skrubu ya hewa kuzungushwa kidogo mpaka ikatulia sailensa, yaani inavyounguruma ukiwa umesimama bila resi. Plagi sasa ina rangi ya chai ya maziwa, ndo unavyoitaka.

Ila na hii ina upande wa pili ambao watu hawausemi: ukiisetia Mbeya afu ukashuka nayo Kyela kule ziwani, karibu mita 1,200 chini, mambo yanageuka, hewa nyingi petroli kidogo, injini inachemsha. Mara moja sio tatizo kubwa, ila ukihamia kule rudisha jeti. Zenye injeksheni zenyewe zinajipima, hizo hazikuhusu.

Kitu cha pili cha mlima ni ule mkanda. Skuta ya otomatiki haina mnyororo wala gia za kukanyaga, ina belti inayopita kati ya puli mbili, puli ya mbele ndani yake kuna rola sita ambazo kasi ikiongezeka zinasukumwa nje zinaibana puli, belti inapanda, ndo gia inabadilika. Rola zikishaota ubapa au belti ikachakaa ikawa inateleza, mlimani utapiga resi mpaka sauti inakuwa ya mashine ya kusaga na mwendo ni wa mkokoteni. Na rola zinauzwa kwa uzito. Nyepesi zinaiacha injini izunguke kwa kasi zaidi kwenye kupanda. Yangu ilikuja na za gramu 11, nikaweka za gramu 9 na nusu, Mlima Nyoka napanda bila kuomba msamaha kwa malori, ila mafuta imeongeza kidogo na kwenye tambarare inalia zaidi. Hamna cha bure.

Uongo unaoniuma zaidi sasa: fundi wa bodaboda anaweza kila kitu chenye matairi mawili.

Nawaheshimu mafundi wetu, Boxer wanaifungua wamefumba macho. Ila belti ya skuta ina mtego mmoja. Nilimpelekea fundi mmoja mjini hapa aniwekee belti mpya, nikaenda kunywa chai, narudi amemaliza, dakika ishirini tu, nikamsifia kabisa. Wiki ya pili nikiwa karibu na Iyunga nikasikia kwanguu kwanguu upande wa kushoto, skuta ikakata mwendo, nikasukuma mpaka nyumbani na jua lile. Kufungua kava nakuta nati ya puli ya mbele imelegea, meno ya ule mhimili wa kreki, chuma cha injini kinachoizungusha puli, yameliwa, na mapezi ya puli mawili yamevunjika, maana aliizuia isizunguke kwa kuchomeka bisibisi kwenye mapezi. Mapezi yale ni ya aluminiamu na kazi yake ni kupuliza hewa ipoze belti.

Kosa lenyewe liko hivi, na nilikuja kulielewa nilipofanya mwenyewe. Ukiweka belti mpya, kule nyuma inakaa juu ya puli kwa sababu ya springi, kwa hiyo huku mbele inakuwa fupi imekazika. Ukiweka uso wa puli, ile sahani ya nje yenye mapezi, ukakaza nati, unahisi imekaza kweli, spana haiendi, kumbe umeibana belti, chuma hakijafika kwenye chuma. Ukiwasha tu belti inajipanga, pengo linabaki, nati inaanza safari yake. Unachotakiwa ni kuifinya belti kwa mkono kule nyuma, unatanua puli ya nyuma belti izame katikati mpaka huku mbele ilegee kabisa inaning'inia, ndo unaweka uso, unahakikisha meno ya mhimili yamechomoza ndani ya tundu, ndo unakaza. Basi. Mchezo wa dakika moja uliniletea bili ya kreki nzima.

Na belti usinunue kwa kusema "ya skuta nyekundu". Imeandikwa namba mgongoni, mfano 743-20-30, urefu milimita 743, upana 20, na 30 ni pembe. Kuna 842-20-30 pia kwenye hizi hizi za sisi 125, inategemea urefu wa kava la injini. Niliwahi kutumiwa isiyo yangu kutoka Dar, nauli ya basi nikalipa kwenda na kurudi, kwa hiyo piga picha namba ndo uagize.

Kuna lingine nalo la kwenye kijiwe: toa yale makava ya plastiki kwenye injini ipate upepo. Linaingia akilini, lakini fikiria. GY6 inapozwa na feni, iko upande wa kulia, inavuta hewa na yale makava ndo yanaizungusha hewa kwenye mapezi ya silinda. Ukiyatoa, feni inapuliza hewani kama mtu anayepuliza moto ulio nyumba ya pili, na upepo wa barabarani haufiki kwa sababu injini imejificha chini ya siti. Utaua kichwa cha injini. Kama kava limepasuka shona kwa waya, rudisha.

Kwenye oili watu wanagombana kabisa. Oili nzito ndo inalinda injini, na ukiweka ya gari unaiua. La kwanza kwa huku kwetu ni baya, mwezi wa sita na wa saba asubuhi saa kumi na mbili, baridi inang'ata, nzito ile inazunguka kama asali, selfu inalia betri inakata. Ile herufi W kwenye 10W-40 ni ya hali ya baridi, namba iliyotangulia ikiwa ndogo oili inatembea mapema. Njombe na Makete ndo kabisa. Mi natumia 10W-40 mwaka mzima. La pili ni nusu ukweli: bodaboda klachi yake inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, baadhi ya oili za gari zina dawa ya kulainisha msuguano, klachi inateleza, kwa hiyo wao wana haki ya kuogopa. Skuta ya belti klachi yake ni kavu, iko kwenye kava lake nyuma, haigusani na oili. Ila cha muhimu kuliko mabishano yote hayo ni kuimwaga kwa wakati, maana inabeba kama lita 0.8 tu, ikipungua kidogo imepungua sana. Na kuna oili nyingine ndogo ya gia kule kwenye tairi la nyuma, watu wengi wanauza skuta hata hawajui kama ipo.

Mteremkoni zima, uokoe mafuta. Jamani. Ukizima skuta ya otomatiki ikiwa inatembea, mwendo ukishuka tu klachi inaachia na haishiki tena, unashuka fri kabisa, kila kitu kinabaki kwa breki, na nyingi nyuma ni breki za viatu, zikichemka zinakuwa sabuni. Na skuta nyingi za hivi taa ya mbele inapata umeme injini ikizunguka, kwa hiyo usiku unazima na taa, mteremko wa Iwambi na malori yale. Hapana kwa kweli. Ukiona mwendo umeshuka hadi klachi imeachia, gusa resi kidogo ishike tena, injini ikusaidie kuzuia.

Kwa Vespa ya tu-stroki kuna hatari nyingine ambayo baba mdogo ndo alinifundisha. Injini ile haina oili ya kukaa, inapata oili kupitia petroli. Ukitoka Isongole kushuka Tukuyu umefunga resi gia imeingia, pistoni inakimbia bila chakula, inaweza kushika ghafla tairi likasimama. Yeye alikuwa anabana klachi na kupiga resi kidogo kila baada ya muda, mi nilidhani anaringa tu.

Na hapo hapo wanasema ongeza oili kwenye petroli ndo itadumu. PX inataka asilimia mbili, yaani mililita 20 kwa lita, petroli lita tano mililita 100. Ukizidisha unaziba ekzozi kwa masizi, plagi inalowa, na oili ikichukua nafasi ya petroli mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani unachemsha injini kwa kuipenda. Nunua bomba la sindano duka la dawa, acha kupimia kizibo cha soda.

Skuta ni ya wanawake? Dada mmoja hapa Soweto ana skuta na anajifungia belti mwenyewe kuliko huyo fundi wangu. Twende mbele.

Skuta haihitaji leseni? Inahitaji. Kundi la A lina madaraja yake mpaka vile visivyozidi sisi 50 vina lake, A3. Helmeti pia, hata kama unaenda dukani tu.

Ila kuna jambo moja wanalosema na ni kweli, sitaki kujifanya wakili. Tairi za inchi 10 na mashimo ni maadui. Shimo ambalo bodaboda inaliruka, skuta inaingia. Barabara za vumbi za ndani ndani huko natembea taratibu na nasafisha filta ya hewa kila mwezi kiangazi.

La mwisho, ukiipaki inapumzika. Niliiacha miezi minne nilipokuwa Iringa kikazi, nikiwa na amani kabisa kwamba haitumiki haichakai. Kurudi kiki mpaka goti likauma. Petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta ilikuwa imekauka imeacha utando wa njano, na tundu la jeti ndogo, ambalo ni jembamba kuliko sindano, limeziba. Usilichokoe na sindano utalitanua. Nilichuna waya wa umeme nikatoa uzi mmoja wa shaba, nikaupitisha ukiwa na petroli, nikanyanyua jeti kuelekea dirishani mpaka nikaona nukta ya mwanga. Ikawaka kiki ya tatu. Siku hizi nikisafiri kuna skrubu chini ya bakuli, nalegeza, namwagia kwenye kopo, ndo nafunga geti.