Huonekani, Lakini Upo

Jumamosi iliyopita nimelisikia tena swali lile, mezani tunapocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa masimulizi na dadu. Mimi ndiye DM, yaani msimamizi anayesimulia hadithi na kuamua sheria. Mchezaji wangu, ambaye mhusika wake ni askari wa imani aliyejifunga chuma kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, kanywa dawa ya kutoonekana, kaingia ukumbini penye walinzi sita, akatembea. Mlinzi mmoja akamfyekea upanga. Jamaa akanikodolea macho kama nimemwibia simu. "DM, kaniona vipi? Si sionekani?"

Hajakuona, ndugu yangu. Kakusikia. Umevaa ratili 65 za chuma, karibu kilo 30, na sakafu ni ya mawe.

Ninazungumzia Dungeons & Dragons toleo la tano, lile la 2014, maana ndilo tunalocheza. Faida za kutoonekana vitani kila mchezaji anazijua: ukishambulia unarusha dadu mbili unachukua kubwa, ukishambuliwa adui anachukua ndogo. Uchawi wa kutoonekana wa daraja la pili unadumu hadi saa moja na unakatika ukishambulia au ukiroga. Ule wa daraja la nne unadumu dakika moja tu lakini haukatiki kwa hayo. Tuendelee.

Kinachonichosha ni watu kudhani kuwa asiyeonekana hajulikani alipo. Fikiria mbu. Umezima taa, umeshusha neti, na yumo ndani. Humwoni. Lakini akipita sikioni unajua kabisa yuko wapi, na unampiga kofi. Mara nyingi unamkosa na kujizaba mwenyewe, maana unapiga gizani. Hiyo ndiyo dadu ndogo. Sasa mbu ananyamaza. Katua mahali. Hapo ndipo unapokaa kitandani umekodoa macho, kwa sababu huna hata pa kupiga. Ukipiga ukutani na yeye yuko kwenye mto, umekosa, dadu iseme itakavyo.

Mbu anayelia haonekani. Mbu aliyenyamaza haonekani na pia amejificha. Kutoka hali ya kwanza kwenda ya pili, kwenye vita, kunakugharimu tendo la zamu yako: unajificha, unarusha dadu ya kunyata, inapambanishwa na utambuzi wao. Mhusika wa aina ya mwizi, akifika ngazi ya 2, anajificha kwa tendo la nyongeza, ndiyo maana anaitwa mwizi. Askari wa chuma anatumia tendo zima, na bado vyuma vinamlazimisha achukue dadu ndogo. Sheria hizi sikuzitunga mimi.

"Basi dawa haina maana!" Ina maana sana. Mtu wa kawaida anahitaji pipa, pazia, giza nene, ndipo aruhusiwe hata kujaribu kujificha. Wewe unajificha katikati ya ukumbi mtupu, taa zote zikiwaka. Hiyo ndiyo zawadi yenyewe, na karibu hakuna anayeitumia, kwa kuwa wote wanadhani wameshajificha tayari. Isitoshe, adui aliyekuwa anakupiga nusu ya mara sasa anakupiga robo. Ukimkimbia hawezi kukuchapa kwa nyuma, kwani pigo lile linataka akuone. Uchawi unaotaka mlengwa aonekane haukupati. Mpira wa moto utakupata vizuri tu. Wenyewe hauulizi nani anaonekana, unaunguza futi 20 kila upande.

Wahenga wa toleo la 3.5 walikuwa wazi zaidi. Kujificha kulikuwa ujuzi mmoja na kunyata bila sauti ujuzi mwingine. Kutoonekana kulikuongezea 20 kwenye kujificha ukiwa unatembea, 40 ukiwa umetulia tuli. Kwenye sauti? Sifuri. Kurusha dadu mara mbili kwa kila hatua kulichosha meza nzima, sikatai, lakini hakuna aliyeniuliza swali la Jumamosi.

Sasa niungame. Kitabu cha 2014 kinasema mahali ulipo panaweza kugunduliwa kwa kelele unazopiga au nyayo unazoacha. "Panaweza." Kwa umbali gani? Pembeni ya maporomoko ya maji je? Sokoni? Hakisemi, na hapo DM unabaki na akili yako. Mezani kwangu, ndani ya futi 30 unajulikana ulipo mpaka ujifiche. Zaidi ya hapo naangalia mazingira. Hiyo 30 nimeitoa kichwani. Kuna siku nimeamua hivi, wiki iliyofuata nikaamua vile, na wachezaji wangu wana kumbukumbu mbaya sana, yaani nzuri.

Na msiniambie toleo la 2024 limemaliza kesi. Limerekebisha kituko kimoja cha zamani, ambapo ukisoma herufi kwa herufi hata anayekuona kwa uchawi alibaki na dadu ndogo. Lakini limeleta chake: sasa ukijificha na kupata 15 au zaidi, unapewa hali ileile inayoitwa kutoonekana. Jina moja, vitu viwili. Kwa hiyo uchawi wa kuona wasioonekana unamfichua pia mwizi aliyejibanza nyuma ya nguzo? Maandishi ukiyabana yanaelekea huko. Mimi nasema nguzo ni nguzo. Na mwizi huyo akitoka nyuma ya nguzo akatembea peupe mbele ya mlinzi, hali inabaki au inakatika? Inakatika adui akikupata, na nimebishana na watu wazima hadi usiku wa manane juu ya maana ya "akikupata". Nadhani mlinzi mwenye macho mawili amekupata. Siko tayari kuapa.

Jumamosi hii askari wetu anaingia jikoni kwa bwana wa ngome. Mpishi kadondosha gunia, unga umetapakaa sakafu nzima. Dawa bado anayo moja.